Dorcus Ametangulia

Kazini alikuwa Doris. Aliyechapa beji za majina alikosea, msimamizi akasema beji mpya italetwa, inshallah, na inshallah hiyo ilikuwa sasa inaingia mwaka wa pili. Wageni wa ile hoteli ya Al Rigga walimwita "sister", au hawakumwita kabisa, maana mtu anayekutandikia kitanda huna haja ya kumwita, unakuta ameshapita. Madam wa ofisini alimwita kwa ghorofa yake: "Wewe wa nne, njoo hapa." Kwa hiyo mwanamke huyu wa Vihiga, mwenye mdomo mkali na mgongo unaouma, alikuwa na mahali pamoja tu katika Dubai nzima ambapo jina lake liliitwa sawasawa mbele ya watu: Dorcus. Mahali penyewe palikuwa juu ya duka la dobi.

Usicheke. Kilikuwa chuo, na kilikuwa na cheti chake ukutani. Ghorofa ya pili ya jengo kuukuu la Al Baraha, vyumba viwili na jiko, mvuke wa pasi za dobi ukipanda mpaka kuta zikatoa jasho mchana kutwa. Walifundisha usafi wa hoteli, ulinzi na Kiarabu cha kazini, kwa watu wenye siku moja ya kupumzika kwa wiki ambao wangefanya vizuri zaidi kama wangelala. Vyeti vyake havikumtisha mwajiri yeyote. Lakini chuo hicho kilikuwa na chama cha wanafunzi, na chama kilikuwa na historia ambayo ungedhani ni ya chuo kikuu cha Ulaya, ukimsikiliza Bi Maha.

Bi Maha ndiye aliyefundisha Kiarabu. Alikuwa wa familia ya Kizanzibari iliyotua Deira tangu enzi za babu yake, na Kiunguja chake kilikuwa safi kana kwamba alishuka jana kutoka Mji Mkongwe. Kila walipokuja wanafunzi wapya aliwakalisha chini na kuwahadithia. Hapo mwanzo, alisema, vyama vilikuwa viwili: Lango, chama cha walinzi, na Funguo, chama cha wasafishaji. Walitukanana kwa furaha. Mgeni wa Funguo alifungwa kitambaa machoni na kuamriwa atandike kitanda, na shuka ikipinda anaanza upya. Mgeni wa Lango alisimamishwa kwenye ngazi kulinda kiti kitupu kipindi kizima, na asiruhusu mtu kukikalia, hata mwalimu. Baadaye kampuni za ulinzi zikawatawanya vijana wa Lango huku na huko, chama kikanyauka, na wale wachache waliobaki wakaomba hifadhi Funguo. Waliingia na desturi yao moja, ile ya kuitana majina.

Walinzi huitana kila zamu inapobadilika. Jina, na jibu: "Nipo." Kule Funguo wakaipenda, wakaifanya kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, alasiri. Kisha akafa Lukman, mlinzi wa Jinja, kwa ajali ya gari. Jumapili iliyofuata mwita majina akajisahau, akamwita. Kabla hajauma ulimi, chumba kizima kilijibu kwa sauti moja: "Yupo."

"Hapana alopanga," Bi Maha alikuwa akisema, akishusha sauti hapo. "Lilitoka lenyewe."

Tangu siku hiyo ikawa sheria. Walio hai huitwa kwanza, na kila mmoja anajijibia. Asiyekuja huachiwa kimya chake. Kumjibia mtu aliye hai ni marufuku. Wafu huitwa mwisho, na wote kwa pamoja huwaitikia. Dorcus aliifanyia mzaha desturi hii. "Aki nyinyi mnapenda maiti," alisema. Lakini hakuwahi kukosa Jumapili hata moja. Alikaa dirishani, na jina lake lilipotamkwa alijibu "Nipo!" mpaka dobi chini wakatazamana. Aliipenda nukta hiyo kuliko kitu chochote katika mwezi wake. Hakumwambia mtu, lakini njiani kurudi chumbani kwake Naif alikuwa akitembea kama mtu aliyekula akashiba.

Mwita majina alikuwa Marietha, Mhaya wa Bukoba, mfanyakazi mwenzake na rafiki yake. Majina yote aliyabeba kichwani, walio hai na wafu. Marietha alikuwa mwanamke wa machozi ya karibu, na Dorcus wa maneno ya karibu, na urafiki wao ulisimama juu ya hilo: mmoja anamliza mwenzake, kisha anampelekea chai.

Sasa sikia mambo yalivyoharibika. Wenye hoteli walikuwa wanafungua hoteli nyingine Fujairah, wakataka watu wachache waende mapema kufuta vumbi la mafundi. Dorcus alikuwa na wiki kadhaa za kikohozi na homa isiyokatika. Asubuhi moja akaambiwa adhuhuri basi linaondoka, yalla. Katika haraka hiyo simu ikamponyoka, ikazama kwenye ndoo ya deki. Akakimbia Naif, akakunja godoro lake, akalifunga kamba, akamwambia Mnepali wa kitanda cha chini kwamba yeye na chumba hiki basi, akaondoka. Marietha alikuwa mapumzikoni. Aliporudi kazini alimkuta Clifford, msimamizi wao, kwenye lifti ya wafanyakazi na toroli la shuka.

"Clifford, Dorcus yuko wapi? Simu yake haipatikani tangu jana."

"Dorcus?" Clifford alibonyeza kitufe. "Dorcus ametangulia. Sisi tutafuata."

Mlango wa lifti ukajifunga.

Clifford ni mtu wa Nakuru. Kwake kutangulia ni kutangulia, kupanda basi la kwanza, na yeye mwenyewe alikuwa anapanda la pili saa hiyohiyo. Lakini Marietha alilelewa katika nyumba ambayo kifo hakitajwi kwa jina lake, na katika nyumba hiyo kuna safari moja tu ambayo mtu akiitangulia wengine wote watafuata. Alisimama pale koridoni, akakumbuka kikohozi. Alikwenda Naif akakuta godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Yule Mnepali, ambaye Kiswahili hajui na Kiarabu anacho cha kuazima, akapangusa viganja vyake hewani, ishara ya kwisha: "Dorcus khalas. Khalas, sister." Mtu atake ushahidi gani tena?

Basi walimlilia. Jumapili ya kwanza Bi Maha alileta ubani, na wanachama wakasimama mmoja mmoja kusema habari zake. Alikuwa mpole, walisema. Hakuwahi kugombana na mtu. Chakula chake kilikuwa cha wote. Dorcus huyohuyo, aliyewahi kununiana na chumba kizima kwa sababu ya chumvi! Lakini ndivyo tulivyo, marehemu tunamvika nguo mpya. Walipomaliza, Marietha akafuta macho na kuanza kuita wafu. Lukman. "Yupo." Gerishom. "Yupo." Akavuta pumzi. Dorcus.

"Yupo."

Fujairah, alasiri ileile, Dorcus alikuwa anafuta kioo cha bafu katika chumba ambacho hakijawahi kulaliwa na mtu. Homa ilikuwa imeshuka. Ghafla alijisikia akisema kwa sauti, "Nipo." Hakuna aliyemwita. Aligeuka kutazama koridoni, hakukuwa na mtu. Akakitazama tena kioo, akaona amekifuta vibaya mahali uso wake ulipo, akakifuta upya, na ukungu ukabaki palepale.

Baada ya hapo mashine ya kidole ya kuingilia kazini ilimkataa. Hilo halikumshtua. Dawa ya vyoo hula alama za vidole, kila msafishaji anajua, na kijana wa ofisi akawa anamwandika kwa mkono. Mlango wa kioo wa hoteli, ule wa kufunguka wenyewe, ulibaki umefungwa mpaka akapunga mikono kama mtu anayefukuza kuku. Mpishi wa kantini alikuwa anagawa chai, anamfikia, anamruka. Akimgombeza, mpishi anashtuka kweli: "Sister, sorry, sijakuona." Lilikuwa jambo dogo, halafu jingine dogo, na Dorcus hakuwa mtu wa kuogopa vitu vidogo. Lakini aliona usiku anatamka jina lake polepole kabla ya kulala, na hakupenda kujiuliza kwa nini.

Baada ya miezi mitatu walimrudisha Al Rigga. Simu mpya alikuwa nayo, namba za watu hana. Hakuona shida. Jumapili ya kwanza alipanda ngazi za chuo, akasukuma mlango.

Marietha aliangusha chupa ya chai. Dada mmoja wa Tanga alisoma dua kwa sauti kubwa, na kijana mmoja mlinzi, mwili wote ule, alijificha nyuma ya Bi Maha.

"Nini?" Dorcus aliuliza. "Mmeona jini?"

Ilichukua muda. Walipoelewana, walipolipata lile neno la Clifford na ile khalas ya Mnepali, walicheka mpaka wakakaa sakafuni. "Ametangulia!" walipiga kelele. "Ametangulia Fujairah!" Marietha alimshika mashavu kwa mikono miwili huku analia na kucheka.

"Shoga, mbona una baridi hivi?"

"Ni AC ya basi," Dorcus alisema. Alikuwa amekuja kwa miguu.

Kisha wakaitana majina. Marietha aliita walio hai, mmoja baada ya mwingine, na Dorcus akakaa mbele akingojea zamu yake. Haikuja. Mazoea ya miezi mitatu yalikuwa yameshalihamisha jina kichwani mwa Marietha. Alimaliza walio hai, akaingia kwa wafu, Lukman, Gerishom, na ulimi ukateleza wenyewe: "Dorcus." Chumba kikajibu, "Yupo." Wakacheka tena. Dorcus alicheka pamoja nao, ila alichelewa kidogo.

Mwezi uliofuata Marietha alijiandaa. Alimwita mahali pake, katikati ya walio hai, kwa sauti ya kusisitiza. Dorcus alikuwa ameshajaza pumzi kifuani. "Nipo!" alijibu, na "Nipo" yake ikafunikwa. Wote walikuwa wamesema "Yupo". Wote, pamoja na Marietha mwenyewe. Safari hii hakuna aliyecheka. Walitazamana kila mmoja akimngoja mwenzake aseme kwamba alikusudia, na hakuna aliyekusudia. Mvuke wa dobi uliendelea kupanda.

Kwenye ngazi Dorcus alimshika Marietha mkono. "Unanifanyia nini?"

"Mimi? Jamani, Dorcus, mdomo ulijifungua tu."

"Basi ufunge! Mimi niko hai, ama hujaona? Nimekuja kuitwa kwa watu walio hai. Kule kazini mimi ni Doris, mimi ni ghorofa ya nne. Hapa ndio naitwa. Ukininyang'anya hapa, nitakuwa nani?"

Marietha alianza kulia, kama kawaida yake. Kisha akasema kitu ambacho pengine hakutaka kukisema. "Umekuwa mkali. Dorcus hakuwa hivi."

"Dorcus yupi?"

"Yule tuliyemlilia."

Dorcus aliuachia mkono. Yeye ndiye aliyekuwa mkali tangu siku ya kwanza, na Marietha ndiye aliyejua hilo kuliko watu wote. Alishuka ngazi. Pale mtaani mtu mmoja aliyekuwa akija mbele yake hakumpisha, akampiga bega zima, akaendelea na safari yake bila kugeuka.

Alimfuata Bi Maha jikoni wiki hiyo, saa ya mapumziko, akamkuta anaosha vikombe. Hakuzunguka. "Bi Maha, imewahi kutokea? Mtu kuitikiwa na yeye yuko hai?"

Bi Maha alifunga bomba. "Mara moja. Gerishom."

Gerishom alikuwa wa mwisho wa Lango. Alikwenda kwao Mbale kwa likizo, ikaja habari kwamba amefariki, wakamwitikia. Kumbe aliyefariki alikuwa ndugu yake mwenye jina kama lake. Gerishom akarudi. Wakamwita, wakajikuta wanamjibia. Wakaogopa. Wakaona heri wayaache kama yalivyo, maana yeye mwenyewe hakulalamika, alikuwa mtu wa haya.

"Akakaaje?" Dorcus aliuliza.

"Alikuwa anakuja. Anakaa pale karibu na mlango. Miye nilikuwa nampa chai, namwekea mkononi, mwanangu. Kila nikija kukusanya vikombe, chake nakikuta kimejaa, na kimepoa." Bi Maha alikausha mikono yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Halafu sijui lini hakuja tena. Hilo ndilo linonitisha mpaka leo. Hapana hata mmoja wetu anokumbuka siku aliyoacha kuja."

"Na hamkufanya kitu?"

"Hatukufanya. Tuliona tabu kumwambia mtu mzima kuwa hatumsikii." Kisha akamshika Dorcus kidevu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "We mdomo unao. Hebu tufanye alokosa kufanyiwa yeye. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao kila mtu ataziba kinywa chake kwa mkono. Jina lako litaitwa, na kwenye kimya hicho utajibu mwenyewe. Ukijijibia mara moja wakasikia, khalas, umerudi."

Dorcus alibeba maneno hayo wiki zote zilizobaki. Alifanya mazoezi kwenye vyumba vya wageni, mlango umefungwa, mashine ya vumbi inanguruma: Nipo. Nipo. Aliogopa kwamba siku ikifika sauti itakauka. Aliogopa zaidi kitu kingine, kwamba amekuwa hivi muda mrefu na hakuona, kwamba hoteli na mji huu vilikuwa vimeshaanza kumfuta kabla Marietha hajakosea neno, na chama kimemalizia tu. Akiwaza hivyo alikuwa anatandika kitanda kwa nguvu mpaka shuka inalia.

Jumapili ilifika. Chumba kilijaa, hata waliohitimu zamani walikuja, habari zilikuwa zimesambaa. Clifford pia alikuja, hakuwa mwanachama, alikuja kwa sababu neno lilikuwa lake na lilimsumbua. Mahali pa dirishani pa Dorcus palikuwa pamewekwa fulana za chama zilizotoka kwa dobi, kwa hiyo akakaa karibu na mlango. Bi Maha akaeleza. Watu wazima, walinzi na wasafishaji, wakaziba vinywa vyao kwa viganja kama watoto wanaozuia kicheko, na hakuna aliyekuwa na kicheko. Marietha peke yake ndiye aliyeachiwa mdomo, na aliapa kwamba akishaita tu ataziba na yeye.

Aliita walio hai. Kila mmoja alitoa kiganja, akajibu, akakirudisha. Nipo. Nipo. Ilikuwa inakaribia. Dorcus alilamba midomo.

"Dorcus," Marietha alisema, na akaziba kinywa kwa mikono yote miwili.

Kikawa kimya. Chini kwa dobi pia pasi zilikuwa zimenyamaza, sijui kwa nini. Dorcus aliona macho yote juu ya viganja yakimtazama, macho yanayomtaka arudi, na akahisi upendo wao ukimjaa. Alivuta pumzi ndefu. Alitaka aisikie nukta hii vizuri kabla ya kuitumia.

"Nipo."

Sauti ilikuwa yake. Ilitoka dirishani, tulivu, kwa upole ambao yeye hajawahi kuwa nao siku moja maishani.

Chumba kililipuka. Walipiga makofi, walipiga vigelegele, Clifford aliinamisha kichwa akafuta macho kwa mkono wa shati. Marietha alivuka watu mbio, akamkumbatia Dorcus palepale mlangoni, akamtikisa, akamlowesha shingo kwa machozi. "Umeitikia! Nimekusikia, shoga. Hiyo ndiyo sauti yako, ndiyo ile ninayoijua!" Bi Maha alikuwa anasema alhamdulillah, tena na tena, na alikuwa na furaha ya mtu aliyeshushiwa mzigo wa miaka.

Pumzi ya Dorcus ilikuwa bado iko kifuani. Hakuwa amefungua mdomo. Alitazama juu ya bega la Marietha kuelekea dirishani, akaona fulana zilizokunjwa, na watu wawili watatu waliosimama karibu nazo wakitabasamu, wakimtabasamia mtu.

Watu walikaa, Marietha akarudi mbele na kuendelea na majina. Dorcus aliishusha ile pumzi taratibu puani, akakaza midomo, akaishikilia hivyo mpaka jina la mwisho, kwa sababu akisema "Nipo" sasa, watajua kwamba Dorcus wako wawili, na watalazimika kuchagua.